Mota ya bakteria inageuzaje mwelekeo? Mwanafunzi wangu alinikwamisha

Wakuu, habari za humu. Hili limenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nafundisha biolojia kidato cha tano hapa Mpanda. Mwezi uliopita nilikuwa naeleza mkia wa bakteria, ule unaozunguka kama pangaboi.

Kwenye shina lake kuna mota ya protini. Ina pete kubwa, na pembeni vigurudumu vidogo vinavyozungushwa na chembe za haidrojeni zikiingia ndani ya seli. Nikasema pete huzunguka kulia au kushoto.

Editha, msichana anayetoka Mishamo, akanyoosha mkono. Akauliza, kama haidrojeni inaingia tu, pete inageuzaje mwelekeo?

Nikajibu haraka kwamba haidrojeni hurudi nje. Akasema kitabu hakisemi hivyo. Wenzake wakacheka, eti leo mwalimu kakwama. Nikaona aibu, nikamwambia akae chini.

Wiki ileile akaandika barua ya kuhama mchepuo wa sayansi, PCB, aende HGL ya masomo ya sanaa.

Nyie mnaofundisha mnajua inavyouma. Tena kwa swali zuri vile.

Nikarudi kusoma, nikachanganyikiwa zaidi. Kumbe vigurudumu vidogo huzunguka upande mmoja tu, siku zote. Sasa pete inageukaje?

(Ambao hamkusoma sayansi msikimbie, tunafika.)

Jumamosi, nyumbani Makanyagio, mke wangu anapukuchua mahindi. Nikachukua mfuniko wa ndoo, nikaulaza chali, nikaupigilia msumari katikati kwenye ubao bila kukaza.

Nikasimamisha gunzi, nikalizungusha kulia likigusa ukingo kwa nje, mfuniko ukaenda kushoto. Nikalihamishia ndani ya ukingo, nalizungusha vilevile. Mfuniko ukaenda kulia.

Ndiyo mota yenyewe. Pete ikijibana, kigurudumu kinaigusa kwa nje. Ikitanuka, kinaigusa kwa ndani.

Jumatatu nikampa Editha gunzi na ule mfuniko mbele ya darasa. "Siku ile nilikujibu nisichokijua. Nisamehe."

Akajaribu nje, akajaribu ndani, mara tatu.

"Sasa mwalimu, pete ina vipande vingi. Vinabadilika vyote kwa pamoja, au kimoja kinavuta kingine?"

"Sijui."

Akacheka kidogo. "Basi barua naenda kuichukua kwa mwalimu wa taaluma. Tutafute wote."

Nilichojifunza: nilidhani "sijui" itamkimbiza mwanafunzi, kumbe kilichomkimbiza ni jibu la uongo.

Ila swali lake la pili bado linanichanganya. Mwenye kuelewa vipande hivyo vinasikilizanaje, ashushe maelezo hapa, taratibu. Nitamsomea Editha.