Kumfundisha Mama Mkwe Kusimama

Mama mkwe wangu alianza kuanguka mwaka aliozaliwa mwanangu wa pili. Kwanza aliteleza mtoni, tukasema ni tope. Kisha akaanguka mlangoni mwa jiko lake, mahali pakavu kabisa, akavunjika mkono wa kushoto. Mara ya tatu aliangukia sokoni Ogwedhi, katikati ya ng'ombe na watu, na alipoinuliwa alisema hakujikwaa na chochote, ni ardhi tu iliyomkwepa. Mke wangu aliponiletea habari hiyo nilijua kinachofuata, maana nilikuwa nakiona kazini kila wiki. Bibi mzee anaanguka, anaanguka tena, halafu siku moja anavunjika nyonga. Akishavunjika nyonga analala, na wengi wao hawaamki.

Nilikuwa nafanya kazi ya viungo katika hospitali moja mjini Homa Bay. Wagonjwa waliniita daktari wa kunyoosha, nami sikuwakataza, ingawa udaktari niliusikia tu kwa jirani. Nilinyoosha magoti, nikafundisha watu magongo. Lakini nilikuwa na kitu ambacho wenzangu hawakuwa nacho. Mimi ni Mkuria wa mpakani, na kabla ya kuajiriwa nilifanya kibarua mwaka mmoja na ushei upande wa Tanzania, katika hospitali iliyokuwa na madaktari wa Kichina. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye nywele fupi, alikuwa akitoka uani kila alfajiri na kucheza peke yake, polepole mno, kama mtu anayetembea ndani ya maji ya kiuno. Sisi vibarua tulimcheka mpaka tukachoka. Siku moja aliniita, akanisukuma begani kwa vidole viwili, nikapepesuka. Akaniambia nimsukume yeye. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote za kubeba magunia, na yule mama, ambaye hakunifika hata kifuani, hakusogea. Nilifedheheka kweli. Kesho yake nilisimama nyuma yake nikaanza kujifunza.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Mguu huu jaa, mguu ule tupu," aliniambia kila siku. "Tupu kwanza. Halafu inua." Maana yake ni kwamba uzito wote unauhamishia mguu mmoja, taratibu, mpaka ule mwingine ubaki hauna kazi, ndipo unauinua. Wazee huanguka kwa sababu wanainua mguu ambao bado umebeba mwili. Hiyo ndiyo taichi yote, ule mchezo wake wa alfajiri, kwa mtu anayeogopa kuanguka. Mikono ni pambo.

Pale Homa Bay nilikusanya wanawake wazee tisa au kumi, wengi wao wauza samaki, nikawafundisha barazani nje ya chumba changu. Walinicheka kama mimi nilivyomcheka yule Mchina. "Daktari," mmoja aliniambia, "mimi nimebeba omena kwa kichwa miaka arobaini, leo wewe unakuja kunifundisha kusimama?" Nikamwekea beseni tupu kichwani, nikamshika mifupa ya kiuno kwa mikono miwili, nikamwongoza: kulia, kushoto, kulia. Ukimshika mtu kiunoni unausikia uzito wake unavyohama. Mwenyewe hausikii mpaka umwonyeshe. Ilichukua asubuhi moja. Baada ya miezi mitatu yule mama alikuwa anashuka ngazi za hospitali bila kushika ukuta, na alikuwa ananitukana kwa furaha kila alipofika chini.

Kwa hiyo dawa nilikuwa nayo, na ilikuwa mikononi mwangu, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa haramu.

Mke wangu ni Mjaluo. Kwao mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hali naye, haingii anakolala. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Kwetu Wakuria ni vilevile, pengine zaidi, hivyo sikuweza hata kujifanya mgeni wa mila. Mama mkwe naye hawezi kulala nyumbani kwa binti yake aliyeolewa, kwa hiyo sikuweza kumleta Homa Bay ajiunge na wauza samaki wangu. Yule mama wa beseni aliposikia shida yangu alijitolea kwenda kwa mama mkwe, huko ng'ambo ya mji wa Migori, amfundishe mwenyewe. Nilimwambia asijisumbue. Niliona aibu watu wa kazini kujua mambo ya ukweni kwangu. Hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza, na niliitupa kwa ajili ya aibu ya kijinga.

Nilimfundisha mke wangu, ili naye amfundishe mamake wakati shule zimefungwa. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza, na walimu wa darasa la kwanza hufundisha kwa mikono. Tulipokwenda huko mwezi wa nane, nikiwa nimeketi mbele ya nyumba ya shemeji zangu, upande wa pili wa boma, nilimwona mama mkwe akifanya mazoezi kwa mbali. Mikono yake ilikuwa inapendeza kuliko ya yule Mchina. Ilipanda na kushuka kwa madaha, lakini miguu ilikuwa inarukaruka chini yake, yote miwili imejaa, kila hatua ni bahati nasibu. Alikuwa amejifunza pambo. Na kwa kuwa alikuwa ameliamini, sasa alitembea kwa haraka zaidi kuliko zamani.

Nilimkaripia mke wangu, jambo ambalo si haki, maana alifundisha alichokiona. Kisha tukabuni ujinga mwingine. Mimi nilisimama nje ya ua wa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe, nimeupa ua mgongo, nikapaza sauti. Mke wangu alisimama ndani akapeleka maneno. Mama mkwe na mimi tulikuwa tunasikilizana vizuri tu, Kiswahili kikiwa ndiyo lugha yetu sote ya kuazima, lakini adabu ilitaka apitie kwa binti yake.

"Mwambie ajaze mguu wa kulia," nikasema.

"Anasema umejaa."

"Wa kushoto uko tupu?"

Nikasikia sauti ya mama mkwe mwenyewe, nzito, yenye mzaha: "Uliza ora, mguu ni debe? Mimi nitajua aje kama imejaa?"

Ora ni mimi, mkwe. Tulicheka sote watatu, wao ndani na mimi nje. Ndiyo mara pekee niliyowahi kucheka na mama mkwe wangu, nikiwa natazama shamba la mahindi. Lakini swali lake lilikuwa la haki kabisa. Angejuaje? Vidole vyangu kiunoni mwake vingemjibu kabla chai haijachemka. Nilirudi Homa Bay nikiwa na hasira na kila mtu, na babu zetu wa pande zote mbili.

Mvua za vuli zilipoanza nilitumwa Migori kuchukua magongo. Yalikuwa hayajafika. Nikaona nipitishe sukari na majani ya chai ukweni kabla ya kurudi. Mtu haendi ukweni bila kutanguliza habari. Hata mtoto anajua. Mimi nilikwenda. Nilijiambia nitaacha mfuko langoni nimpigie kelele jirani, basi.

Lango lilikuwa wazi. Niliingia nikitafuta mahali pakavu pa kuweka mfuko, na nilipozunguka jiko nikamkuta hapo hapo, hatua mbili kutoka kwangu, peke yake uani. Alikuwa anafanya mazoezi. Hakuwa na kitambaa kichwani, nguo ameifunga kiunoni, beseni kando yake. Binti yake alikuwa amemsimulia habari za beseni. Na miguu, kwa mara ya kwanza, ilikuwa inajaribu. Nilisimama nikaitazama. Sipaswi kusema kwamba nilifurahi, lakini nilifurahi.

Ndipo akaniona. Akafanya kile ambacho mama yeyote wa kwao angefanya akikutwa na mkwewe akiwa vile. Aligeuka upesi akimbilie ndani, na akageukia mguu uliojaa.

Wazee hawaanguki kwa ghafla kama watoto. Kwanza huinama, na kuna nafasi kama ya pumzi moja. Aliinama upande wangu. Mkono wake ulinyooka kuja kwangu, na wangu ulikuwa tayari umeshatoka, mkono uliozoea kudaka wazee kila siku ya kazi. Kisha nikaurudisha. Kwa miaka mingi nimejaribu kukumbuka kwamba yeye ndiye aliyerudisha wake kwanza, na kuna siku nakaribia kuamini. Ni mimi.

Nilisikia mfupa. Sitaeleza. Nilikimbia hadi shambani kwa jirani nikaita wanawake, nikarudi nao, nikasimama nimempa mgongo wakati wakimfunika na kumbeba. Manyunyu yalikuwa yanashuka. Tangu alipoanguka mpaka walipofika hakuna mtu aliyemgusa, wala sikumtupia hata koti langu.

Aliletwa Homa Bay, hospitalini kwangu. Mwenzangu ndiye aliyemshughulikia. Mimi niliishia mlangoni mwa wodi, nikimuuliza mke wangu habari kama mtu wa kuja kutazama tu. Wauza samaki wangu walipita mbele yangu wakielekea barazani, miguu yao mizuri, nikawafundisha kwa sababu ilikuwa siku yao. Mama mkwe alirudishwa kwao amelala, na alilala hivyo miezi mitano. Vidonda vya mgongo vilimmaliza kuliko mfupa. Hakukanyaga chini tena hata siku moja.

Kabla hajafa alimpa binti yake ujumbe wa kuniletea, na mke wangu akaufikisha kama alivyopewa: "Ambia ora nashukuru. Ile siku hakunishika. Aliniheshimu." Matangani shemeji zangu waliurudia mbele za watu. Wazee walitikisa vichwa kuafiki, mmoja akasema wakwe wa siku hizi hawako hivyo tena. Nilitamani mtu mmoja tu anitukane. Hakuna aliyenitukana.

Wiki chache baadaye mke wangu alikuwa amekaa uani kwetu anachambua omena, nami najifanya natengeneza kiti. Aliniuliza bila kuinua macho.

"Mama alipoanguka, wewe ulikuwa wapi?"

"Langoni," nikasema.

Vidole vyake viliendelea kutoa mawe na majani.

"Basi hungemfikia," akasema.

"Nisingemfikia," nikasema.