Wanyama Sita Juu ya Bati

Saa mbili kasoro dakika saba asubuhi, siku ya Jumatano, mchezo uliniuliza ni saa ngapi.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda changu cha mitumba sokoni Njombe. Makoti ya watoto nilikuwa nimeshayatundika, na wateja walikuwa hawajatoka majumbani kwa sababu ya baridi. Mkononi nilikuwa na kimashine cha michezo chenye kioo kidogo, na mgongoni mwake kimechomekwa kikasha cha plastiki. Ndani ya kikasha hicho ndimo mchezo unamokaa. Mchezo wangu ulikuwa na saa yake: asubuhi ya Njombe ilikuwa asubuhi mle ndani, na jua likizama huku nje, mle namo mliingia giza. Kwa miezi kumi na sita haukuwahi kuniuliza saa. Siku hiyo uliniuliza kama mgonjwa aliyezimia akazinduka.

Nikaijaza. Nikaangalia wanyama wangu: walikuwepo wote sita. Nikazima, nikawasha tena. Ukaniuliza saa kwa mara ya pili, na safari hii kioo kilikaa cheupe kwa muda kabla wanyama hawajatokea.

Kimashine hicho kilitoka kwenye mfuko wa koti. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu shirika la umma nililofanyia kazi, kama karani wa ghala, libinafsishwe na sisi tupunguzwe. Kiinua mgongo changu nilikiweka kwenye mitumba. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tatu, elimu ya darasa la saba, na vyeti viwili vya utunzaji wa hesabu nilivyosomea kwa njia ya posta. Kila nilipofungua belo, robota la nguo, kule Makambako nilipekua mifuko yote kabla ya kuzipanga kwa madaraja, maana ndivyo tulivyofundishwa ghalani. Mifukoni nilikuta leso, tiketi za treni za nchi nisizozijua, na mara moja jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi. Siku moja nikakuta kimashine, kikasha kimo ndani, kifuniko cha betri kimevunjika ndoano. Nilikifunga kwa mpira wa baiskeli na kununua betri mbili ndogo, nione kama kinafanya kazi.

Mchezo wenyewe ni huu. Unakamata wanyama wa ajabu porini, unawalea, kisha unawapambanisha na wa mwenzako. Timu ni wanyama sita. Kila mnyama ana aina yake: moto, maji, majani, mwamba, sumu na nyingine nyingi. Kila aina ina inayoishinda na inayoshindwa nayo, lakini mchezo haukuambii ni ipi. Nilijifunza kwa kujaribu, kamusi ikiwa pembeni kwa sababu maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Nilichora jedwali kwenye daftari, washambuliaji upande wa kushoto, washambuliwa juu. Pigo likizidi nguvu niliweka alama ya kujumlisha, likipungua alama ya kutoa, lisipogusa kabisa sifuri. Jedwali hilo peke yake lilinichukua miezi mitatu.

Mpinzani nilimpata Makambako. Alikuwa na malori mawili, mzaliwa wa Kondoa, mtu wa swala tano, na ndiye aliyenibebea mabelo kutoka Dar es Salaam. Watu walimwita Alhaji ingawa safari ya Makka alikuwa bado anaikusudia. Alinikuta nimekaa juu ya belo nikisubiri zamu ya kushusha mzigo, akachungulia kioo changu, akapanda kwenye lori, akateremka na kimashine kama changu. Alikuwa amewanunulia wanawe Kariakoo, pamoja na waya wa kuunganisha mashine mbili. Wanawe walikataa kucheza naye kwa sababu hakukubali kushindwa.

Nilipendekeza atakayeshindwa alipie chai. Alikataa. Kuwekeana kitu ni kamari, alisema. Chai atalipa yeye, ashinde au ashindwe. Tulikubaliana sharti moja tu, kwamba hakuna mnyama atakayelelewa kupita daraja la hamsini.

Mara ya kwanza alinimaliza kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimemlea mnyama mmoja mkubwa wa moto, na wengine watano walikuwa wasindikizaji. Alhaji alimtoa wa maji, akamzima yule mkubwa kwa mapigo mawili, na waliobaki wakaanguka kama mahindi mabovu.

"Mama, timu yako ni basi la Ludewa," aliniambia huku akikunja waya. "Limejaa, limepakwa rangi, lakini kufika halifiki."

Wapakiaji walicheka, nami nikacheka. Lakini njiani kurudi Njombe niliandika kila pigo lililopigwa, langu na lake, kwa mpangilio wake.

Nilianza upya. Niliona kwamba timu si wanyama sita wenye nguvu, bali ni kazi sita, na kila kazi inahitaji mtu wake. Nikaandika kazi kwanza, wanyama baadaye: wa kufungua, wa kuvumilia, wa kulaza usingizi, wa kutia sumu, wa kuingia mwenzake akizidiwa, wa kumalizia. Mchezo unakuruhusu kuwapa majina, nami niliwapa ya huku kwetu nisiwasahau. Wa kulaza usingizi nilimwita Ulanzi, kama pombe yetu ya mianzi. Wa sumu nilimwita Pareto, kama lile ua la kuulia wadudu. Wa kuvumilia alikuwa Jiwe, wa kufungua Umande, wa kumpokea mwenzake Mwati, kama mti wetu wa magome, na wa kumalizia Radi.

Mara ya pili nilishindwa tena, lakini Alhaji alimaliza chai. Wanyama wangu walikuwa na kazi nzuri na miguu mizito: Ulanzi alipigwa kabla hajafumbua mdomo. Nikaenda kujifunza mbio. Niligundua kwamba wanyama wawili wa jina moja na daraja moja hawalingani. Mmoja ana mbio hamsini na nane, mwenzake sitini na tatu. Basi nikawa nalea watatu watatu wa kila kazi, naandika tarakimu zao kwenye safu, nabakiza bora, wengine nawaachia porini. Kila mnyama hukumbuka mapigo manne tu, kwa hiyo kumfundisha jipya ni kumsahaulisha la zamani. Radi nilimsahaulisha pigo lililokuwa la kwanza kumpa ushindi wowote. Nilifikiri juma zima kabla ya kufanya hivyo.

Mama mkwe wangu, Mkatoliki wa asubuhi na jioni, aliniuliza kama hayo ni mapepo. Nilimwonyesha jedwali. Alilitazama kwa muda mrefu, akasema mapepo hayana hesabu nyingi kiasi hicho.

Mara ya tatu Alhaji alishinda akiwa amebakiwa na mnyama mmoja, tena aliyekuwa anachechemea. Hakunitania. Alisema Jumamosi ya mwisho wa mwezi atalala Makambako, tuonane. Jumatano ya juma hilo ndipo saa iliposimama.

Tangu nitoke shirikani sikuwa nimejenga kitu kingine chochote kilichokwenda kwa mpango nilioupanga mwenyewe. Mitumba ilipanda na kushuka kwa sababu nisizoziona. Wanyama hawa niliwajua sababu zao zote. Usiku ule nilinakili timu nzima kwenye daftari, tarakimu kwa tarakimu, na kupiga hesabu: kwa kuwa jedwali ninalo, kuwajenga upya kungechukua miezi saba badala ya kumi na sita. Hesabu ilikuwa sahihi. Haikunifariji hata kidogo.

Alhamisi nilikwenda kwa fundi redio karibu na stendi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alifungua kikasha kwa bisibisi ndogo aliyoinoa mwenyewe. Ndani kulikuwa na kibetri bapa, mfano wa sarafu, kimeungwa kwa risasi, ile ya kuyeyusha. Alikipima, akatikisa kichwa, akakinusa.

"Mama, hiki kitu huwa unakiweka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani jikoni?"

"Juu ya bati," nilisema. "Nilikuwa naanika betri."

Fundi aliweka miwani juu ya meza. Hapa lazima nieleze, ingawa kila mtu wa nyanda hizi anajua. Betri ya redio ikichoka haitupwi. Inaanikwa juani, inapata nguvu kidogo, taarifa ya habari ya saa mbili inasikika. Mimi nilianika za kimashine changu kila zilipochoka. Na kwa kuwa kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa mpira, na kila kukifungua kulizidi kukivunja, nilikuwa naanika kimashine kizima, kikasha kikiwa ndani, kimefunikwa gazeti kunguru wasikione. Miezi kumi na sita juu ya bati la jiko. Nilikuwa nawaokoa wanyama kwa mkono mmoja na kuwaua kwa mwingine, tena kwa utaratibu, siku na saa zimeandikwa.

Fundi hakunicheka. Kwenye dirisha lake zilikuwepo betri nne kubwa za redio, zimepangwa mstari zinaota jua. Alizitazama, akanitazama.

"Hizo ni nyingine," alisema. "Hiki cha ndani hakitaki joto. Na shida siyo kukibadilisha. Mchezo wako unakumbuka kwa umeme wa hiki. Nikikitoa tu, umesahau kila kitu. Nikikiacha, utasahau wenyewe, labda kesho, labda Jumapili."

Nilirudi nyumbani na kutoa kitabu cha fizikia nilichokinunua kwa mwalimu mstaafu wa Kidugala, aliyekuwa anapunguza vitabu. Sura ya umeme nilikuwa nimeisoma mara mbili bila kuwa na kazi nayo. Inasema betri mbili zenye volti sawa zikiungwa ubavu kwa ubavu, volti haiongezeki; zinagawana kazi. Kibetri cha ndani kilikuwa cha volti tatu. Betri mbili ndogo za kimashine, zikifuatana, ni volti tatu. Basi mchezo ungeweza kulishwa kutoka nje wakati kile cha ndani kinatolewa, kama zamu ghalani: huondoki mpaka mwenzako amesaini.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea fundi mchoro, betri mbili mpya, na kibetri kipya nilichopata kwa muuza saa. Aliusoma mchoro, akaugeuza, akausoma tena.

"Kitabuni mkono hautetemeki," alisema.

"Waya nitashika mimi. Wewe shika risasi."

Umeme ulikatika kabla hatujaanza, lakini chuma chake cha kuyeyushia risasi alikipasha kwenye jiko la mkaa, na meza ilikuwa dirishani. Aliunga nyaya mbili nyembamba kwenye mistari ya shaba inayofikia miguu ya kile kibetri, ncha zake nyingine nikazibana mimi kwenye betri zangu kwa vidole, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Akayeyusha risasi ya mguu wa kwanza. Akayeyusha ya pili. Kibetri cha zamani kikatoka, na kwa muda huo wanyama sita wakawa wanaishi kwa vidole vyangu viwili.

Mteja aliingia kuulizia redio yake. Fundi alimwambia asubiri nje, bila kuinua kichwa. Nadhani hapo ndipo nilipotikisika. Waya mmoja ulichomoka, nikaurudisha. Ilikuwa ni kupepesa jicho, lakini sikujua kama kwa mchezo kupepesa jicho ni kidogo au ni kingi, na kitabu hakikusema.

"Umechomoka?" aliuliza fundi.

"Umechomoka na umerudi."

Aliunga kipya, akapuliza risasi igande, akakata nyaya zangu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikafunga kikasha, nikakichomeka, nikawasha.

Mchezo uliniuliza ni saa ngapi. Nikajaza: saa nne na dakika kumi. Kioo kikawa cheupe. Kisha likatokea neno la kuendelea, na chini yake Umande, Jiwe, Ulanzi, Pareto, Mwati, Radi. Mbio za Radi zilikuwa mia moja na kumi na tisa, kama zilivyoandikwa kwenye daftari. Niliwahakiki wote sita, tarakimu kwa tarakimu, fundi akishika daftari na kunisomea kama tunakabidhiana ghala. Nilizima, nikawasha tena. Haukuniuliza saa.

Nilikaa kwenye benchi lake. Nilisikia baridi ya Njombe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Fundi alimwita yule mteja aingie. Halafu alinyoosha mkono dirishani, akazitoa betri zake nne juani, akazitazama, akazirudisha.

Jumamosi, Makambako, Alhaji alifungua na yule yule wa maji. Umande alimpokea, Mwati akaingia, Ulanzi akawahi kulaza kabla ya kulazwa. Tulikwenda sare mpaka akabaki na mmoja na mimi na wawili. Radi alimalizia kwa pigo nililomfundisha badala ya lile la zamani. Alhaji alikitazama kioo mpaka kikajizima mwanga, akanitazama mimi, akaagiza chai ya pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Haya," alisema. "Basi limefika."

Nilimweleza habari ya bati. Alicheka mpaka akavua kofia, kisha akaniuliza, taratibu, kama dashibodi ya lori nayo huwa na joto. Kimashine chake kilikuwa kinakaa hapo. Nilimpa jina la fundi na mchoro wangu.

Jioni, nyumbani, nilifunga hesabu ya jambo lote. Kwa miezi kumi na sita nilinunua betri jozi arobaini na nne, na kwa vipimo vyangu kuanika kuliziongezea maisha kwa robo. Hizo ni jozi kumi na moja ambazo sikuzinunua, kila jozi shilingi mia mbili, jumla elfu mbili na mia mbili. Kibetri kipya, elfu moja na mia mbili. Fundi, elfu moja na mia tano. Hasara yote ya kuanika betri: shilingi mia tano.