Komeo la Chumba cha Juu

Jamani, nilikosa. Sijui hata kama nina haki ya kuwaandikia, maana aliyeumia si mimi. Lakini jambo hili nimelibeba kifuani mpaka limenishinda.

Mimi na rafiki yangu, nimwite Badi ingawa si jina lake, tulikuwa tumewehuka na kanda za mazombi, zile za maiti wanaoinuka kula watu. Mji wa Kale mzima sidhani kama kulikuwa na wa kutushinda. Tulikodi kwa Mhindi mmoja mwenye duka la video, tukapanda chumba cha juu kwao Badi, tukairudia kanda mpaka picha ikaanza kutetema.

Na mipango tulikuwa nayo! Maiti wakifufuka, tunaziba njia ya Makupa, tunaziba daraja la Nyali, feri ya Likoni inazuiwa ng'ambo, halafu sote ndani ya Ngome ya Yesu. Sharti moja nililitoa mimi: aliyeng'atwa na maiti, maana naye atageuka zombi, hafunguliwi mlango, hata awe nduguyo. Shujaa hana huruma, ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Badi alicheka tu, sindano mkononi. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, akishona huku akitazama.

"Mimi ningekufungulia, yakhe," akasema. "Uning'ate tu, tuzurure pamoja."

Nikamwambia basi yeye angekuwa wa kwanza kufa.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Mamake alikuwa chini akipika. Chetezo cha udi kilikuwa sakafuni, makaa yamekolea, Badi akifukiza kanzu yake ya kwendea arusi huku kanda ikicheza. Mara kanzu ikamponyoka. Akaanguka. Macho yakageuka meupe, meno yakasagana, povu likamtoka, na sauti ile! Sauti ile niliijua kutoka kwenye kanda.

Sikujua kwamba ana kifafa. Kwao walificha, na siwalaumu. Nani angempa mke? Lakini hata kama ugonjwa sikuujua, nilijua kuwa yule ni Badi.

Nikatoka. Nikavuta mlango. Chumba kile zamani kilikuwa stoo, komeo lake liko nje. Nikalifunga.

Nikateremka ngazi, nikasimama mbele ya mamake. Aliniuliza nina nini. Nikatikisa kichwa. Akaendelea kukuna nazi yake, mpaka harufu ya kitu kinachoungua ikatufikia huko chini. Hapo akanisukuma, akapanda mbio.

Mkono wa kulia wa Badi ulikuwa ndani ya makaa.

Nisijidhulumu pia: aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, tukapate gari la kwenda hospitali, ni mimi. Hilo ni kweli. Na hilo ndilo ambalo mtaa uliliona. Badi alipozinduka hakukumbuka kitu. Akaambiwa nani alimbeba, akalishika hilo hilo.

Vidole vyake vimekunjamana, sindano haishikiki tena. Siku hizi anakaa dukani kwa mjombake, na kila mteja lazima aelezwe, "Huyu bwana aliniokoa. Wale mashujaa wa kwenye kanda si kitu kwake."

Mara ngapi nimeanza kumwambia ukweli! Kila nikianza ananikata kwa sifa. Au najidanganya? Labda sijawahi kuanza sawasawa.

Mara ya mwisho niliazimia kweli. Mamake akanikuta barazani kabla sijaingia. Akanipa kikombe cha kahawa, akasema taratibu, "Komeo nililifungua mimi, mwanangu. Usimwambie. Hilo ndilo alilobakiwa nalo."

Sasa nifanyeje? Nikisema, namnyang'anya rafiki pia, baada ya mkono. Nikinyamaza, naishi kwa sifa ya wizi. Mama yule hajawahi kunifukuza. Ila ameweka jiwe kwenye mlango wa chumba cha juu, haufungiki tena. Nikienda, Badi huzungumza, nami huketi nikalitazama jiwe.

Kanda sizilaumu. Badi alitazama zile zile, naye alisema angefungua.

Nawe unayesoma, usijiite shujaa kabla hujajaribiwa. Mwenzako akianguka, mwondoe karibu na moto, mlaze ubavu, ukae naye mpaka atulie. Na ukiogopa, ogopea humo humo ndani.