Simu ya Stima Kurudi

Seva yangu iliishi kwa mama, kijijini Kalimoni, chini ya meza ya cherehani. Ilikuwa kompyuta kuukuu niliyoitilia mfumo wa Linux, nayo ndiyo iliyopokea oda za vifaranga kutoka maduka ya Thika na Ruiru. Chumba changu cha kupanga huko Ruiru kilikuwa kidogo na chenye joto. Kwa mama kulikuwa na nafasi na, tangu baba afariki, kimya kingi mno.

Stima ikipotea, seva ilizimika. Ikirudi, mashine iliwaka yenyewe, lakini programu ya oda ililala tu mpaka mtu aiandikie amri. Nilimfundisha mama amri hiyo. Akishaiandika alinipigia simu: "Stima imerudi. Nimeamsha mtu wako." Kisha tungezungumza habari za mbuzi, za goti lake, za jirani. Nilizipenda simu hizo kupita kiasi. Wiki ambayo stima haikupotea nilijikuta nikiomba ipotee, mimi mwenye biashara!

Dawa niliijua. Unaandika faili fupi: programu iko hapa, ingoje mtandao uwe tayari, ikianguka iamshwe tena. Halafu unaiagiza iwake kila mashine inapowaka. Chai haipoi kabla hujamaliza. Lakini nilijiambia kwamba mama anahitaji shughuli, kwamba mashine ile inampunguzia upweke. Niliahirisha mpaka siku stima iliporudi mama akiwa shambani, mteja wa Thika akakosa vifaranga wake na kunitukana ipasavyo. Jumapili hiyo nilienda kwa mama, nikaiandika ile faili, nikamwambia hatahitaji tena kuandika amri.

Jumamosi iliyofuata oda zilikatika, kisha zikaanza tena kuingia kwenye simu yangu. Programu ilikuwa imejiwasha yenyewe. Sikufurahi. Nilingoja mama apige, hakupiga. Nilipiga mimi, hakushika. Nilipanda boda hadi Kalimoni, nikakuta mlango una kufuli. Nilikaa kizingitini nikiwaza mabaya yote.

Jioni alitokea na wenzake wa chama cha akina mama, wanacheka kama wasichana.

"Haiya! Kuna nini?"

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Thika, kuona mtoto wa mwenzetu. Sijatoka na hawa tangu uniletee hiyo kompyuta. Nilikuwa naogopa stima irudi nikiwa mbali."

Tuliingia ndani. Aliinama, akatazama taa ndogo ya seva ikimetameta chini ya meza.

"Kwani hii kitu ingejiwasha tangu zamani?"

"Ingeweza."

"Na hukuifanya?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. "Nilikuwa napenda vile unanipigia."

Aliketi kuvua viatu.

"Na simu yako," akauliza, "ilikuwa inangoja stima gani ndio unipigie?"