Nyumba ya Mwisho

Mtaa mzima ulimwita Bwana Fimbo, kwa sababu kila mwaka alipita mlango kwa mlango na fimbo yenye mistari, akiwapima watu kimo ili ajue kila mmoja ameze vidonge vingapi vya kuzuia matende. Wakaidi aliwafokea mpaka wakameza mbele yake. Mkewe tu ndiye aliyemruka, maana mjamzito hapewi dawa ile, na karibu kila msimu wa dawa ulimkuta na mimba. Uzazi ulipokoma, Fimbo alikuwa ameshazoea kuishia kwa jirani na kurudi nyumbani na kopo tupu. Mganga hajigangi.

Sasa mguu wa mkewe umevimba kama gogo. Kila asubuhi Fimbo huuosha kwa sabuni, kidole kwa kidole, akaukausha kwa taulo kuukuu.

Mwaka huu alianzia nyumbani. Mama watoto akasimama wima kwenye fimbo.

“Vinne,” alisema Fimbo, akimpa vidonge na kikombe cha maji. “Mguu haurudi, mama. Ila mbu hawatachukua ugonjwa kwako wakawapelekea wengine.”

Akavimeza vyote, akamrudishia kikombe.

“Haya, nenda. Watu wako wanakungoja.”