Aliyeitika Nyuma ya Jiwe

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa kamili alasiri, nami sikuwa na homa wala usingizi. Nayaandika kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nikianza tu kuongea mbele za watu, sauti inakwisha. Lakini niamini, yalitokea.

Mama, mimi na mdogo wangu Bonheur, mwenye miaka minane, tulitoka nyumbani Hallonbergen, hapa Uswidi, kwenda kupanda mlima kuona majani ya vuli. Mama alicheka njia nzima. "Hiki ndicho wanaita mlima? Kwetu Burundi hapa si tungelima maharagwe tu!" Lakini majani yalikuwa mazuri, mengine manjano, mengine mekundu kama pilipili.

Karibu na kilele Bonheur akakimbilia nyuma ya jiwe kubwa kukojoa. Akakawia. Mama akaita, "Bonheur wee! Kuja hapa!"

"Naam, mama. Ninakuja."

Tukatazamana. Bonheur huyu, tangu aanze shule, ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiswidi. Akatokea, akanishika mkono. "Dada, twende." Dada! Tangu lini? Na mkono wenyewe ulikuwa baridi kama maji ya bomba. Akacheka, nikaona mdomo umejaa meno. Alhamisi jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka, na mimi ndiye niliyelifunga kwenye karatasi.

"Mama, huyu si Bonheur," nikanong'ona.

"Nyamaza! Nimeomba miaka mingapi mtoto huyu aniitikie kama mtu? Leo Mungu amejibu, wewe unaleta wivu?"

"Na jino?"

"Meno huota!"

Ningefanya nini? Nipige kelele mbele ya wale Waswidi waliokuwa wakipiga picha? Tukashuka naye. Kwenye treni aliketi kati yetu, akimsimulia Mama habari za shamba la bibi, ambaye alikufa kabla yeye hajazaliwa. Mama alilia kwa furaha.

Mpaka leo yuko kwetu. Anakula kila kitu bila kuchagua, wageni anawasalimia kwa mikono miwili, na kanisani akina mama wanamwuliza Mama alimleaje. Usiku nikigeuka kitandani namkuta macho wazi, ananitazama. Nilimwambia mchungaji. Akaniombea mimi.

Wewe unayesoma, ukienda na mtoto kuona majani, usimwachie mkono. Na ukimwita akaitika vizuri kuliko kawaida yake, usikimbilie kushukuru. Mwangalie kwanza.

Jambo moja sijamwambia mtu. Asubuhi ya ile Jumapili iliyofuata nilisingizia tumbo, na wao walipokwenda kanisani nikarudi peke yangu mpaka kwenye jiwe. Nilimsikia Bonheur, kwa Kiswidi chake cha shuleni, akisema anasikia baridi. Nikazunguka. Sauti ikahamia upande nilikotoka. Nikazunguka tena, nikafukua majani kwa mikono mpaka nikafikia udongo, huku yeye akiniita kwa jina langu. Mwishowe nikavua koti langu, nikalitandika pale chini ya jiwe, nikashuka mlima.