Pepopunda Ilinifunga Taya, Hodi Ikanivusha

Jina langu ni Zaituni, ila shuleni wanalijua walimu tu. Wengine wote wananiita Redio, kwa sababu sizimwi. Niko kidato cha tatu hapa Korogwe. Nawaandikia nikiwa na mdomo unaofunguka vizuri, maana kuna wakati mdomo huu uligoma kabisa, na najua wapo walioshukuru kimyakimya.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mzima kama chuma. Tunaishi Kwamndolwa, mimi, mama, na kaka yake mama, Mjomba Rajabu. Mjomba ana mkokoteni wa punda. Anabeba maji, mchanga, matofali, na msimu wa mavuno anabeba mahindi ya watu. Punda wake wa zamani alipozeeka, Mjomba alikwenda mnadani Handeni akarudi na dume la kijivu, mgongo una makovu kama ramani ya mkoa. Punda yule hakutaka kuguswa. Ukimsogelea anakugeuzia makalio, teke liko tayari. Mzigo hataki, kutembea hataki, lakini kula na kupiga kelele hana mpinzani. Nikampa jina la Mheshimiwa.

"Jina hilo usilitaje mbele ya mwenyekiti wa mtaa," mama akanionya.

"Kwani mama, atajuaje kama ni yeye?"

Kofi lilinikosa kidogo sana.

Majirani walisema dawa ya punda yule ni fimbo. Mjomba hakushika fimbo. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa zizi akasema kwa sauti ya chini, "Hodi." Kisha anasubiri. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mjomba, akikujibu karibu uniite, nije nimrekodi."

"Anajibu. Wewe ndiye hujui kusikia," akasema. "Tazama sikio. Likigeukia huku, hiyo ndiyo karibu yake. Lisipogeuka, sisogei. Huyu amepigwa na watu waliomjia ghafla, kwa hiyo kila mkono anauona fimbo."

Mimi moyoni nikasema, mzee wa watu kazi zimeisha, sasa anabisha hodi kwa wanyama.

Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuzoa samadi. Jioni moja nikakanyaga ubao wenye msumari pale zizini. Msumari ukapenya kandambili ukaingia kisiginoni. Nikauchomoa. Damu tone moja, tundu dogo kama la sindano ya cherehani. Mama akaniosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, kesho yake nikaenda shule nachechemea kidogo. Keshokutwa nilikuwa nimeshasahau.

Ikapita kama wiki hivi. Tukala kande usiku, nikaona taya la kulia zito. Nikadhani ni jino. Asubuhi kikombe cha chai hakikuingia vizuri kati ya meno, na shingo ilikaza kama nimelalia gogo. Nikaenda shule hivyohivyo, maana kulikuwa na jaribio la kemia.

Sasa sikilizeni balaa. Nimekaa dawati la mbele, mwalimu wa kemia anaandika ubaoni. Akageuka, akaniona. Mimi nilikuwa nahisi uso unavutwa kwenda masikioni, nyusi zimepanda, midomo imetanuka, meno yote nje. Kumbe nje naonekana nacheka.

"Zaituni, unanicheka?"

Nikataka kusema hapana mwalimu. Meno hayakuachana. Ikatoka sauti kama ya mtu anayejizuia kucheka. Darasa zima likaangua kicheko.

"Toka nje. Ukimaliza kucheka utarudi."

Nikatoka. Ningefanyaje, na mimi ndiye Redio? Rafiki yangu Neema akanifuata mlangoni. "We, acha kuigiza bwana, utachapwa." Mimi jasho linanitiririka, mate yanadondoka kidevuni, na sura bado inacheka. Hapo ndipo kengele ilipopigwa. Kengele yetu ni ringi la gari na nondo. Lile pigo la kwanza liliniingia mwilini kama nimepigwa mimi. Nikaanguka, mgongo ukapinda kwa nyuma, visigino na kisogo vikawa ndivyo vinavyogusa ardhi. Nikauma ulimi, damu ikatoka. Neema akapiga yowe, na yowe lake likanipinda tena.

Mwalimu wa kemia ndiye aliyeninyanyua. Tulipanda bodaboda mshikaki, mimi katikati nimekakamaa kama ubao, yeye nyuma amenikumbatia. Njia nzima alisema neno moja tu, "Samahani, samahani." Nilitaka kumwambia kiroho safi mwalimu, ila jaribio je?

Hospitalini daktari, dada mmoja kijana, alimuuliza mama, aliyeitwa mbio kutoka nyumbani, kama nina kidonda. Mama akasema hapana. Daktari akashika mguu wangu, akageuza kisigino.

"Na hiki?"

"Hicho si msumari tu?" mama akasema.

"Mama, hii ni pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi. Vikiingia ndani, kidonda kikafunga juu, sumu inashambulia mishipa ya fahamu."

"Lakini si alichanjwa alipokuwa mtoto?"

"Chanjo ya utotoni inaisha nguvu."

"Atapona?"

"Tunampa dawa ya kuzima sumu, na dawa za kulegeza misuli. Tutakifungua kidonda tukisafishe. Ninachokihofia ni kifua. Kikibana kama mgongo unavyobana, atashindwa kupumua. Tukimvusha kipindi cha mikazo, atapona."

Nilisikia yote. Ndugu zangu, ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba akili haizimi. Unasikia, unaona, unaumia, na unafahamu kila kitu. Waliniweka chumba chenye giza, pazia limefunikwa kwa shuka nzito. Mpira ukapita puani kwenda tumboni, uji ndio uliopita humo. Nilijikojolea kitandani. Tumbo lilikuwa gumu, ungeweza kukatia vitunguu juu yake. Na kila kitu kilikuwa adui. Mlango ukigongwa, napinda. Taa ikiwashwa, napinda. Mtu akinigusa mguu bila mimi kujua, napinda mpaka pumzi inakatika, nahesabu moyoni nikingoja irudi.

Muuguzi mkuu wa wodi, Sista mmoja mnene mpole, aliwaambia ndugu zangu, "Msipige kelele, msimguse ghafla." Walielewa? Shangazi yangu alifika kutoka Handeni, akafungua mlango kwa kishindo, "Jamani Zaituuuni!" akanirukia kifuani analia. Siku ile nilimwona Izraili kwa karibu, na alikuwa na sura ya Shangazi. Midomo ikawa ya bluu. Sista akamtoa nje kwa mkono mmoja kama anaondoa kuku jikoni.

"Kuanzia leo anaingia mtu mmoja tu!" akasema, tena kwa kunong'ona. Nilimwonea huruma, kugomba kwa kunong'ona ni kazi ngumu.

Ndipo akaja Mjomba Rajabu. Hakuingia. Nilisikia sauti yake ya chini kutoka mlangoni.

"Hodi, mpwa wangu."

Akasubiri. Mimi sina mdomo, shingo haigeuki. Nikayageuza macho kwake.

"Nimeona. Ahsante. Naingia sasa. Nakuja upande wa kulia." Nikasikia kandambili zake, polepole. "Niko karibu na bega lako. Nauweka mkono begani."

Akauweka. Mzito, wa moto, umetulia. Mwili wangu ulisubiri pigo. Pigo halikuja. Misuli ikatetemeka kidogo, ikaacha.

"Huyu ndiye ninayemtaka," Sista akasema. "Mzee, umesomea uuguzi?"

"Hapana, Sista. Nafuga punda."

Sista akaziba mdomo asicheke, nami kwa ndani nikacheka kwa niaba yake. Yeye na Mjomba wakapangana zamu. Sista akija kubadilisha shuka au kunivuta mate kooni kwa mashine, Mjomba anatangulia kunisemesha: sasa tunakugeuza, sasa Sista anashika mguu, sasa tumemaliza. Dawa ndiyo iliyopambana na sumu, msinielewe vibaya. Lakini ile hodi ndiyo iliyonifanya niache kuogopa kila upepo.

Nikiwa gizani pale nikamfikiria Mheshimiwa. Kumbe hakuwa mvivu. Alikuwa amelala kitanda kama changu, amesimama tu kwa miguu minne. Kila mtu anayemjia ni Shangazi.

Mikazo ikaanza kuachana, mara chache, halafu hafifu. Asubuhi moja Mjomba akasimama mlangoni, "Hodi, mpwa wangu." Nikavuta pumzi. Meno bado yamebana, nikasukuma neno katikati yake.

"Ka...ibu."

Mjomba alikaa chini palepale, sakafuni, mlangoni. Mama aliyekuwa barazani alipoambiwa, alianza kupiga vigelegele, Sista akamfuata mbio amemnyooshea kidole. Mama akamalizia vigelegele ndani ya kanga yake.

Nikarudi nyumbani, lakini si mimi yule. Miguu kama vijiti, mgongo unauma, natembea kama bibi harusi aliyevaa viatu vya kuazima. Pikipiki ikipiga honi naruka. Nikataka shule. Mama akakataa.

"Siku utakayokwenda shamba na kurudi kwa miguu yako mwenyewe, ndiyo siku utakayorudi shule."

Shamba letu liko ng'ambo ya reli. Mimi hata chooni nilikuwa nafika nimechoka.

Mjomba akanipa kamba ya Mheshimiwa. "Daktari kasema utembee. Tembea na huyu."

"Mjomba, huyu ataniua, na ndiyo kwanza nimetoka kufa."

"Wewe huna nguvu za kumvuta wala kumpiga. Ndiyo maana nakupa wewe."

Siku za kwanza nilikaa tu zizini juu ya ndoo, mbali, pumba ziko kwenye sinia miguuni. Nilisema hodi, nikatazama sikio. Sikio likakataa. Nikakaa. Sina pa kwenda, naumwa. Nikampigia soga, nikamsimulia habari za mwalimu wa kemia. Jioni moja sikio likageuka. Baadaye pua ikaja kwenye sinia. Baadaye sana nikamkuna chini ya shingo, akalegeza mdomo wa chini ukaning'inia kama wa mzee aliyesinzia msikitini. Nililia, nawaambia ukweli. Najua maana ya mdomo kulegea.

Tukaanza kutembea. Mjomba alinifundisha: vuta kamba kidogo tu, na akinyanyua mguu mmoja, legeza papohapo. Kulegeza ndiyo ahsante yake. Tulitembea mpaka kisimani, halafu mpaka dukani. Honi ikilia tulishtuka wote wawili, tukatazamana kama wezi, tukasimama mpaka mioyo itulie, tukaendelea. Watoto walitufuata wakiimba, "Mgonjwa na punda wake!" Nikawaambia foleni ya kupigwa teke inaanzia kulia.

Ikafika siku ya kuleta mahindi. Mheshimiwa kafungwa mkokoteni, mimi mbele na kamba, mama na Mjomba nyuma. Kwenda tulifika salama, mkokoteni mtupu. Kurudi, magunia yamejaa, tukafika relini. Mjomba akachungulia njia pande zote, treni hamna. Mheshimiwa akasimama. Chuma kinang'aa jua, magurudumu yanapiga kelele kwenye mawe, hataki. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka kwa uchovu. Nikikaa kwenye mkokoteni, safari yangu imeharibika na shule hakuna.

Nyuma yetu bodaboda wakajaa.

"Dada, mtandike huyo! Tunachelewa!"

"Kaka, ukichelewa piga simu."

"Mpige fimbo!"

"Anza wewe kujipiga, tuone kama utatembea."

Mmoja akapiga honi, ndefu. Mwili wangu ukakaza kuanzia kisigino mpaka taya, nikasema moyoni, ndiyo hii imerudi. Haikurudi. Ilikuwa hofu tu, ikapita, ikaondoka. Nikaigeuza shingo kwa Mheshimiwa, naye amekaza vilevile. Nikauweka mkono begani kwake, ukakaa hapo. Sikuvuta. Akainamisha pua, akanusa reli, akapumua kwa nguvu. Mguu mmoja ukanyanyuka. Nikalegeza kamba. Akavuka, magunia yote, mkokoteni unagongagonga, nami mbele kwa miguu yangu miwili. Yule wa honi ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mpaka nyumbani sikukaa. Mama akafungua mlango, akaenda kabatini, akatoa sare yangu. Ilikuwa imeshapigwa pasi.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru daktari na Sista, mama yangu, mwalimu aliyenipakata kwenye bodaboda, na Mjomba Rajabu, na Shangazi pia, ambaye siku hizi akija anasimama nje anauliza kama aingie. Ushauri wangu ni mfupi. Ukichomwa na msumari, osha kwa maji mengi na sabuni, halafu nenda hospitali ukachomwe sindano, hata kama tundu ni dogo kuliko aibu yako. Kamilisheni chanjo. Pepopunda ukiugua haikuachii kinga, mimi mwenyewe nimechanjwa upya, na nilipiga kelele kuliko watoto wachanga. Mnyama anayeogopa msimpige, mwezi mzima wa subira ni mfupi kuliko fimbo moja.

Na wewe uliyelala kwenye chumba chenye giza sasa hivi, unayesomewa haya kwa sauti ya chini. Najua unasikia kila neno. Usijibu, usijitahidi. Mwili utakuachia wenyewe, msuli mmoja mmoja. Mimi nilikuwa huko, na leo asubuhi nimetafuna muwa kuanzia shinani mpaka nchani, kwa meno yangu mwenyewe.